Meza ya Fundi: Daladala ya 1/24, mlango wazi

Maswali yenu kuhusu modeli za magari yanajibiwa na fundi bodi mstaafu wa Gerezani, Dar es Salaam.

SWALI

Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Nyegezi, Mwanza. Mjomba wangu aliyeko Dubai amenitumia seti ya modeli ya Toyota Hiace kutoka Aoshima, kampuni ya Japani, kipimo cha 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi. Nimeshaunga modeli nyingine kwa kufuata karatasi ya maelekezo, lakini hii nataka iwe daladala ya huku kwetu: keria juu, mkanda wa rangi ubavuni, mlango wa pembeni wazi na konda kasimama. Sijawahi kukata bodi hata mara moja. Rafiki yangu ananishauri nifungue pia milango ya mbele, mlango wa nyuma na boneti, eti bila hivyo sijabadilisha kitu. Nianzie wapi? Naogopa kuiharibu, maana hapa sina pa kupata nyingine.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeiweka juu ya nyingine zote, kwa sababu umechagua gari linalostahili. Mara nyingi boksi la seti kama hii huwa na picha ya gari lililoshushwa mpaka bampa linakaribia kugusa lami, rimu kubwa zinang'aa, na watu huliunga hivyohivyo. Wewe umelitazama gari linalobeba watu wa Nyegezi kila asubuhi ukaona nalo lina haki ya kukaa kabatini. Niko upande wako.

Rafiki yako ana nia njema, ila ushauri wake utakumalizia seti. Kata mlango mmoja tu, ule wa abiria. Kila unachokifungua kitakudai kilichomo ndani. Ukifungua boneti ya Hiace utaonyesha nini? Injini ya gari hili imekaa chini ya siti za mbele, na seti nyingi za aina hii hazina injini kabisa. Milango ya mbele itakudai bawaba, vitasa vya ndani na pedeli za dereva. Mlango wa nyuma utakudai dari na siti ya mwisho. Mlango wa pembeni nao unadai, tena sana, lakini huo ndio daladala yenyewe. Pale ndipo konda anaposimama, nauli inapopokelewa, mama mwenye ndoo ya samaki anapovutwa mkono apande. Kazi yako yote ipeleke pale.

Kabla hujashika kisu, nenda stendi na futi ya kupimia, daftari na simu. Hiace zina bodi za aina kadhaa, fupi na ndefu, za paa la kawaida na za paa lililoinuliwa, kwa hiyo tafuta iliyo sawa na ya kwenye boksi lako. Nenda saa ambazo magari yanasubiri zamu ya kupakia, msalimie dereva, mwonyeshe picha ya boksi umweleze unachotaka kufanya. Mpiga debe mwenyewe atakushikia ncha ya futi. Pima upana na kimo cha uwazi wa mlango, kina cha ngazi ya kupandia, kimo cha siti kutoka sakafuni, unene wa bomba la keria. Kisha mwambie konda avute mlango mpaka mwisho, upime umbali kati ya mlango uliofunguliwa na ubavu wa gari. Hicho wengi hawakipimi. Mlango wa Hiace hautoki kama wa kabati: unachomoka kwanza nje, kisha unarudi nyuma juu ya reli. Ukiugandisha modeli yako palepale kwenye usawa wa bodi, kila aliyewahi kupanda daladala atahisi kuna kitu hakiko sawa, hata kama hajui ni nini.

Kila namba igawe kwa 24. Bodi fupi ya kawaida ya Hiace ya umbo la 2004 na kuendelea ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa 1,695. Ukigawa unapata karibu 196 na 71. Weka rula kwenye bodi yako ya plastiki. Zikikubaliana, ujue na vipimo vyako vya stendi vitakubali. Mtu mzima wa sentimita 170 anakuwa milimita 71, huyo ndiye konda wako. Tairi ya 195/80R15, ambayo ndiyo saizi ya kawaida ya gari hili, ina kimo cha karibu milimita 693, yaani 29 kwenye modeli. Hapo pa tairi naomba uwe mkali. Kama seti yako imekuja na tairi nyembamba juu ya rimu kubwa, badilishana na mwenzako au tafuta kwenye modeli iliyovunjika, kwa sababu gari lenye tairi zile litabaki la maonyesho hata ulipake mkanda mzuri namna gani.

Tuingie kwenye kukata. Anza na kikombe cha mtindi. Kigeuze chini: ukiona pembetatu yenye namba 6, hiyo ni polistirini, ndugu wa plastiki ya modeli yako. Ni nyembamba zaidi, lakini itaufundisha mkono wako. Chora juu yake mstatili wenye kona za mviringo, uukate mpaka utoke bila ufa. Rudia mpaka kona zitoke safi. Ndipo urudi kwenye bodi.

Kwenye bodi, kabla ya yote, gundisha ndani vijiti viwili vya fremu (ile ya plastiki inayoshika vipande vya seti) kukingama sehemu ya mlango, kimoja karibu na paa na kingine karibu na sakafu, vishike nguzo ya mbele na ya nyuma. Tumia tone dogo tu la gundi, maana utavitoa baadaye. Mlango ukishatoka, ubavu ule unabaki na uzi mwembamba wa plastiki chini, na ukiushika vibaya utapinda. Halafu toboa kila kona ya mlango kwa keekee ya mkono, tundu la milimita moja au pungufu. Ufa wa plastiki hupenda kuanzia kwenye kona na kukimbilia usikotaka, tundu linauzuia.

Sasa geuza kisu utumie mgongo wa ncha, si makali. Makali yanabana plastiki na kuteleza nje ya mstari, mgongo unakwangua na kutoa uzi mwembamba wa plastiki uliojikunja. Ukiuona uzi huo, unakwenda vizuri. Pita kwenye mfereji wa mlango uliochongwa kiwandani, polepole, bila kukandamiza, ukirudia tena na tena upande ule ule. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi nje ya mstari ikusaidie kama kisu kitaponyoka. Kila baada ya muda inua bodi uitazame mbele ya taa: pale mwanga unapopenya, umebakiza unene wa kucha. Nguzo za dirisha la mlango ziache mwisho, nazo zikate kwa msumeno mwembamba wa wembe, usizivunje kwa mkono. Mlango ukitoka mzima, usipige msasa kingo zake siku hiyo. Weka kisu, ule chakula, ulale. Mikono iliyochoka ndiyo inayokula plastiki kupita kipimo.

Plastiki ya bodi ina unene wa karibu milimita moja, ambayo kwa gari halisi ni sentimita mbili na nusu hivi. Mlango halisi ni mnene kuliko hapo, kwa hiyo ndani yake ongeza ukuta wa pili wa plastiki, na kuzunguka uwazi wa bodi bandika vipande vyembamba viwe fremu ambayo raba ya mlango inagusa. Chini weka ngazi. Sakafu ya seti yako huenda haina ngazi ya kina cha kutosha, hivyo ikate ushushe kipande kipya kwa kipimo ulichochukua stendi.

Siti hazihitaji ufundi mkubwa. Seti ya gari la Kijapani la mizigo haitakuwa na siti za kutosha abiria wa Nyegezi, utazitengeneza: kipande cha kukalia, kipande cha kuegemea, kona ziviringishwe kwa msasa namba 400. Ukitaka zionekane na kava, loweka karatasi ya shashi kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, uifunike siti na kuisukuma kwa brashi mpaka mikunjo ikae. Ikikauka, paka rangi. Safu mbili zinazoonekana mlangoni zishughulikie kwa upendo, zile za nyuma ziwe maboksi tu, hakuna jicho litakalofika kule.

Habari njema ni kwamba Japani nao wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko upande sahihi na mlango wa abiria ni wa kushoto. Ukikuta ubavu wa kulia nao umechorwa mlango wa kuvuta na gari ulilopima halina, ziba mfereji kwa puti, piga msasa 600 kwa maji, kisha 1000.

Keria ndiyo sehemu nitakayokuonea wivu. Bomba la milimita 25 likigawiwa kwa 24 linabaki milimita moja na kidogo. Nenda duka la vifaa vya umeme ununue mita moja ya waya wa shaba wa 1.0, ule wa uzi mmoja. Hiyo 1.0 ni eneo la mkato wake, unene wake ni milimita 1.13, karibu kabisa na unachotaka. Wa 1.5 una unene wa 1.38 na utaonekana kama bomba la maji machafu juu ya paa. Menya plastiki, bana ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa koleo uvute mpaka uhisi waya umelegea kidogo mkononi. Hapo umenyooka kuliko ungeweza kuunyoosha kwa nyundo. Chora keria kwenye ubao kwa vipimo vyako, pigilia pini kando ya mistari, laza waya katikati ya pini, lehemu kila kiungo kwa risasi. Supaglu inashika pia, lakini keria ndiyo kitu cha kwanza ambacho wageni watakishika kwa vidole, na supaglu kwenye shaba huachia.

Amua mapema kama keria itakuwa na mzigo, kwa sababu mzigo unaamua kimo cha gari. Nyuma Hiace ina springi za majani. Gari tupu limeinuka nyuma, likipakiwa linakaa. Ukiweka magunia ya dagaa juu na abiria ndani, acha mkia ushuke; ukiliacha tupu, weka kipande cha milimita mbili kati ya springi na ekseli, sawa na sentimita tano za gari halisi. Gunia kubwa juu ya gari lililosimama kama jipya ni kosa linaloonekana kutoka mlangoni mwa chumba.

Mkanda na maandishi nenda kayapige picha, usiyatunge. Na usitumie herufi za kompyuta. Mchora maandishi wa Mwanza ana mkono wake, ana namna ya kuikunja S na kuweka kivuli cha rangi nyingine chini ya herufi. Mkono ule ni sehemu ya gari kama rejeta ilivyo. Iga kwa brashi nyembamba ukiangalia picha, hata kama itakuchukua jioni nzima kwa neno moja. Na konda, tafadhali, mpe noti zake: vipande vya karatasi vya urefu wa karibu milimita sita, vimekunjwa kwa urefu, vimebanwa katikati ya vidole.

SWALI

Assalaam alaykum Fundi. Niko Unguja. Modeli yangu imepata balaa mbili wiki moja: rangi nyeusi niliyopuliza imekuwa na ukungu mweupe, na vioo nilivyobandika kwa supaglu vimeingia utando kama pumzi. Je, nimeuziwa vitu feki?

JIBU

Wa alaykum salaam. Hapana, vitu vyako ni vizima, hewa ndiyo iliyokutenda. Umeniandikia katikati ya masika. Tina inapokauka kwa haraka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewa unageuka matone madogo juu yake na kunaswa ndani. Gereji tulikuwa tunauona ukungu huo kila mvua za Aprili, kwenye magari makubwa. Subiri siku kavu, pasha kopo kwa kuliweka kwenye maji ya uvuguvugu (yasiwe ya moto, na kamwe usiliweke juu ya jiko), kisha puliza koti jepesi sana. Mara nyingi ukungu unayeyuka. Ukibaki, piga msasa 1000 kwa maji urudie.

Vioo ni jambo jingine. Supaglu inatoa mvuke ambao unatua kwenye plastiki ang'avu na kuacha weupe. Jaribu kusugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, weupe mwingi utatoka. Vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao: inakauka ikiwa haina rangi, na iliyomwagika unafuta kwa kidole chenye maji. Usisafishe kwa dawa ya kutoa rangi ya kucha. Nyingi zina asetoni, na asetoni inakula polistirini.

SWALI

Habari ya kazi, Fundi. Nakuandikia kutoka Nakuru. Nina seti ya Datsun 240Z ya kawaida, ya barabarani, 1/24. Baba yangu aliyaona magari haya kwenye Safari Rally na husimulia mpaka leo. Nataka kumtengenezea lile lililoshinda 1971. Inawezekana, au ninunue seti nyingine?

JIBU

Nzuri sana, ndugu yangu, na hongera kwa kumfikiria mzee akiwa hai. Hasegawa, kampuni nyingine ya modeli ya Japani, walishatoa seti ya gari hilo hilo la ushindi wa 1971, kwa hiyo njia fupi ipo. Lakini ulichonacho kinatosha, na mzee atafurahia zaidi akijua mikono yako ndiyo iliyolipeleka rally.

Kwanza shika gari moja. Mwaka 1971 walishinda Edgar Herrmann na Hans Schüller, namba 11 mlangoni. Mwaka 1973 ikashinda 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ukichanganya taa za mwaka mmoja na bampa la mwaka mwingine, mzee aliyesimama kando ya barabara ataligundua kabla yako. Kusanya picha za gari la 1971 peke yake, za mbele, za ubavu na za nyuma, na usikate kitu ambacho hakimo kwenye picha.

Bodi ni nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni. Kazi yenyewe iko kwenye kimo. Gari la barabarani limelala, la Safari limesimama, kwa sababu njia za miaka ile zilipita Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye mawe na matope ya Pasaka. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma haubadiliki: milimita 2,305 kwa gari halisi, 96 kwako. Uandike ukutani, kwa sababu kosa la kawaida la anayeinua modeli kwa mara ya kwanza ni kuipandisha huku tairi zikisogea mbele au nyuma, na hapo upinde wa bodi haukai tena katikati ya tairi. 240Z ina shokomzoba wima kwenye kila tairi. Ongeza urefu kwa kijibomba cha plastiki kati ya shokomzoba na sehemu inayoshika tairi, zote nne kwanza kwa gundi ya muda, usimamishe gari juu ya kipande cha kioo, ulitazame kwa usawa wa macho ukilinganisha na picha. Likikubali ndipo ugundishe kabisa.

Vumbi lije mwisho. Udongo halisi usitumie, hata ukiuchekecha, chembe zake kwa kipimo hiki ni kokoto. Saga chaki ya rangi ya udongo iwe unga, changanya mbili au tatu mpaka ufike kwenye wekundu wa murram unayoijua, uipake kwa brashi kavu: nzito nyuma ya tairi na chini ya milango, nyepesi kuelekea juu. Vanishi yoyote ipigwe kabla ya chaki, juu ya rangi na stika. Ukipiga vanishi juu ya unga, unalowa, na karibu vumbi lote linapotea.